Waifai na ghorofa: kwa nini mtandao haupandi ngazi

Baba yangu mdogo anaishi Tegeta, kwenye nyumba aliyoijenga kidogo kidogo kwa miaka kumi na moja. Chini kuna sebule na jiko. Ghorofa ya kwanza wanalala wakubwa, na ghorofa ya pili kuna vyumba viwili vya watoto na kibaraza cha kuanikia nguo. Ruta ipo sebuleni nyuma ya televisheni, pale pale mafundi wa faiba walipoiacha siku ya kwanza. Siku moja alinipigia simu amekasirika.

"Mwanangu, hawa watu wananiibia. Nimepandisha kifurushi kutoka megabiti 10 mpaka 40, na mtoto huko juu darasa lake bado linazunguka tu."

Nilimwomba asimame hatua mbili kutoka kwenye ruta, apime kasi kwa simu, halafu apande juu apime tena. Chini alipata 38. Ghorofa ya kwanza, 11. Chumbani kwa mtoto, 1.6, na mara ya pili kipimo kiligoma kabisa. Hakuna aliyemwibia. Megabiti alizolipia zilikuwa zinafika mlangoni kwake zote, ila zinapotea njiani kati ya sebule na chumba cha juu. Angelipia hata megabiti 200, zingeishia pale pale.

Kipimo hicho cha chini na juu ndicho cha kwanza kwa yeyote anayelalamikia mtandao wa nyumbani. Kama hata ukisimama kando ya ruta kasi ni mbovu, mtafute aliyekuuzia huduma. Kama kando ya ruta ni nzuri na juu ni mbovu, ugomvi wako ni na nyumba yako.

Na nyumba zetu ni wagomvi hasa. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Mombasa na Dar es Salaam kupitia chini ya bahari, na leo picha ya video inaweza kutoka bara jingine, ikavuka maelfu ya kilomita ndani ya uzi wa kioo, ikafika sebuleni nzima nzima, kisha ikakwama kwenye sentimita 15 za zege. Ushauri mwingi unaopatikana mtandaoni umeandikwa na watu wanaoishi kwenye nyumba za mbao na jipsamu, ambako sakafu ya juu ni mbao zilizolazwa juu ya boriti nyembamba. Sisi tunamwaga slabu, tunaifunga nondo, tunapandisha kuta za tofali za sementi, tunapiga lipu pande zote mbili, na bafuni tunabandika vigae mpaka darini. Ushauri wa "isogeze ruta kidogo" hautoshi hapa.

Hesabu ya kinachopotea

Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa dBm, yaani desibeli zinazohesabiwa kutoka miliwati 1, na namba zake huwa hasi, jambo linalowachanganya wengi. Kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Ukiwa kando ya ruta simu itasoma kama -30. Ikifika -67 bado unaweza kuongea kwa video bila kukatika. Ikifika -75 kurasa zinafunguka kwa kusuasua, na ikipita -85 simu inaonyesha kuwa imeunganishwa lakini hakuna kinachopita. Zipo programu za bure za Android zinazoonyesha namba hii moja kwa moja, na ni za kweli kuliko vile vistari vya waifai ambavyo kila kampuni ya simu huvichora inavyotaka.

Jambo la kushika ni kwamba desibeli hazihesabiki kama shilingi. Kupoteza 3 ni kupoteza nusu ya nguvu. Kupoteza 10 ni kubaki na sehemu moja ya kumi. Kupoteza 20 ni kubaki na moja ya mia.

Sasa tupande nyumba ya baba mdogo kwa namba. Haya ni makadirio, maana zege na zege hazifanani, lakini yanatosha kuonyesha sura ya tatizo. Ruta nyingi hurusha kwa masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4 inarusha 20 dBm, yaani miliwati 100, ambacho ndicho kikomo cha Ulaya kwa masafa hayo na ruta nyingi zimeundwa kukifuata. Chumba cha mtoto kiko umbali wa mita 8 hivi. Kama kati yao kungekuwa na hewa tupu, mawimbi yangefika yakiwa kama -38, nguvu ya kutupa. Lakini kuna slabu mbili. Slabu moja ya kawaida yenye nondo inaweza kula desibeli 15 hadi 20 kwenye masafa hayo, tuseme 18. Baada ya slabu ya kwanza tuko -56. Baada ya ya pili, -74. Weka na ukuta mmoja wa tofali, kama desibeli 8, tumefika -82. Hapo ndipo mtoto alipokaa na darasa lake.

Masafa ya gigahezi 5, ambayo ndiyo yenye kasi kubwa, hali yake ni mbaya zaidi. Hata kwenye hewa tupu huwahi kufifia, na zege huyala zaidi. Ukikadiria desibeli 25 kwa slabu, mawimbi yanafika ghorofa ya pili yakiwa -92 kabla hata hujahesabu ukuta. Yaani hayapo. Ndiyo maana nyumba nyingi za ghorofa utaona jina la mtandao lenye "5G" mwishoni linasoma sebuleni tu. (Hiyo 5G haina uhusiano na 5G ya laini za simu. Ni ufupi wa gigahezi 5, na sijui idadi ya mabishano niliyoamua juu yake.)

Zipo hila mbili za umbo zinazofaa kujulikana. Ya kwanza ni mshazari. Mawimbi yakipita slabu wima yanakutana na sentimita 15 za zege. Yakipita kwa kulala, tuseme nyuzi 60 kutoka wima, yanalazimika kutoboa sentimita 30. Kwa hiyo ruta iliyo kona ya sebule inapeleka huduma mbovu kwenye chumba cha kona ya pili kuliko chumba kilicho juu yake. Ya pili ni antena. Antena ya kijiti hairushi mawimbi kutoka kwenye ncha yake kama tochi. Inayamwaga pembeni, kwa umbo la andazi lenye tundu katikati, na kijiti ndicho kimepita kwenye tundu. Ukizisimamisha antena zote wima, unahudumia sakafu yako vizuri na kuinyima ghorofa iliyo juu ya kichwa. Laza moja au mbili ziwe mlalo. Ni bure, na kwenye nyumba ya ghorofa moja wakati mwingine inatosha.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Waifai ni mazungumzo ya pande mbili. Ruta inaweza kupiga kelele, lakini simu lazima ijibu, na simu hurusha kwa nguvu ndogo ili kutunza betri. Hapo ndipo inapotokea ile hali ya vistari kujaa huku ukurasa haufunguki: simu inaisikia ruta, ruta haiisikii simu. Kununua ruta yenye antena nane zilizosimama kama miguu ya buibui kunasaidia kidogo upande mmoja wa mazungumzo, na upande wa pili unabaki kunong'ona.

Na aliye mbali hajiumizi peke yake. Vifaa vyote vya chaneli moja, yaani kipande kimoja cha masafa, hupokezana hewa hiyo hiyo. Mmoja akiongea wengine wananyamaza. Kifaa chenye mawimbi hafifu hulazimika kuongea polepole sana ili kisikike, kwa hiyo kinashika zamu muda mrefu. Baba mdogo alikuwa na malalamiko ya pili ambayo hakuyaunganisha na la kwanza: jioni, mpira ukianza, televisheni ya sebuleni nayo inakwama, ilhali imekaa nusu mita kutoka kwenye ruta. Ilikuwa inasubiri zamu nyuma ya simu ya ghorofa ya pili.

Mji Mkongwe ni somo la peke yake

Ukitaka kuona ugumu huu umefika kileleni, nenda Mji Mkongwe wa Zanzibar, au Lamu, kwenye zile nyumba ndefu ambazo nyingi siku hizi ni hoteli ndogo. Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wa nusu mita ni jambo la kawaida. Dari ni boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, juu yake mawe na chokaa tena. Vyumba ni vyembamba kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti. Kila chumba, kwa macho ya mawimbi, ni sanduku.

Lakini nyumba hizo zina kitu ambacho nyumba ya Tegeta haina: ua wa ndani, ulio wazi kutoka chini hadi juu, na milango na madirisha ya vyumba yanautazama. Hewa haina desibeli za kulipa isipokuwa za umbali. Kifaa kimoja kikiwekwa kwenye roshani ya ndani inayouzunguka ua kinaweza kuhudumia milango mingi ya ghorofa tofauti, wakati kifaa hicho hicho ndani ya chumba hakivuki hata ukuta mmoja. Kanuni hiyo inafaa hata kwa nyumba za kisasa: ngazi ndiyo tundu kubwa kuliko yote kwenye slabu yako. Ruta iliyo karibu na mdomo wa ngazi inafika juu kwa namna ambayo ruta iliyo nyuma ya televisheni haifiki kamwe. Tena hapo nyuma ya televisheni pana bati la televisheni lenyewe, na ukutani mara nyingi pana kioo kikubwa cha kujitazamia. Chuma na kioo cha kujitazamia hurudisha mawimbi yalikotoka. Maji huyanywa, kwa hiyo usitarajie makubwa ukiwa nyuma ya tanki.

Mubalighi na spika

Dukani utauziwa ripita. Ni kile kidude kinachochomekwa kwenye soketi, kinadaka waifai ya chini na kuirusha tena. Ni cha bei rahisi, hakihitaji fundi, na ndicho kinachowavunja moyo watu wengi zaidi.

Mfikirie mubalighi msikitini, yule anayeinua sauti kurudia takbira za imamu ili safu za nyuma zisikie. Mubalighi hawekwi safu ya mwisho. Akiwa huko, yeye mwenyewe hamsikii imamu, atarudia nini? Anasimama katikati, mahali ambapo bado anamsikia vizuri. Ripita ni hivyo hivyo. Watu huichomeka kwenye kile chumba kisicho na mtandao, taa zinawaka, simu inaonyesha vistari vyote, na kasi haijabadilika hata chembe, kwa kuwa vistari vile vinapima umbali wako na ripita tu. Mahali pake ni kwenye kituo cha ngazi, ambapo simu bado inasoma -60 au -65.

Hata ikikaa mahali pake, ina kasoro ya kuzaliwa. Ripita ya kawaida inasikiliza na kuongea kwenye chaneli moja, na haiwezi kufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Kila kitu kinasemwa mara mbili, mara ruta kwenda ripita, mara ripita kwenda simu. Nusu ya kasi inakwenda hapo, kabla hujahesabu zege. Ukiweka ripita ya pili idake kutoka kwa ya kwanza, nusu ya nusu. Kwa chumba kimoja cha kusoma ujumbe na barua pepe sina neno nayo. Kwa nyumba ya ghorofa mbili yenye watoto watatu, ni hela ya kutupa.

Meshi ni ndugu yake aliyesoma. Unanunua seti ya vifaa viwili au vitatu vinavyofahamiana, vina jina moja la mtandao, na simu inahamishwa kutoka kimoja kwenda kingine bila wewe kugusa kitu. Vile vya bei ya juu vina redio ya tatu inayotumika kwa mazungumzo ya vifaa vyenyewe tu, kwa hiyo ile kasoro ya nusu inapungua sana. Ni vizuri. Lakini tangazo la meshi linakuonyesha vifaa vikiongea kupitia sakafu kana kwamba sakafu ni pazia. Havina namna ya kuikwepa fizikia: kifaa cha ghorofa ya pili lazima kisikie kifaa cha ghorofa ya kwanza, na kati yao kuna slabu ile ile. Ukiweka meshi bila waya, vipange vyote kuzunguka ngazi, kimoja juu ya kingine, vipeane sauti kupitia tundu hilo. Na kabla ya kulipa, angalia nyuma ya kila kifaa kama kina tundu la waya wa mtandao. Kama hakina, mwachie muuzaji.

Kwa sababu jibu langu, na nimelirudia kwa watu wengi kiasi kwamba wengine wananiona mkaidi, ni waya. Mawimbi yahudumie chumba, waya ndio upande ghorofa. Msikiti wa ghorofa hauweki mubalighi kwenye ngazi kuwarushia sauti waliosali juu; unapitisha waya na kufunga spika huko huko juu. Waya mmoja wa mtandao wa daraja la Cat5e au Cat6 unapitisha gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na nyumba yako haina mita 100 za kwenda juu. Zege halina habari nao. Mwisho wake unaweka kifaa cha kurushia, fundi wa mitandao atakiita aksespointi, kinachoongea na simu zilizo mita tatu au nne kutoka kilipo, kwa gigahezi 5, bila slabu katikati.

"Sitaki kutoboa nyumba yangu," baba mdogo alisema, na ndivyo wanavyosema wote. Hatukutoboa slabu. Waya ulitoka sebuleni kupitia tundu la kiyoyozi, ukapanda ukuta wa nje ukifuata bomba la maji ya mvua, ukaingia juu pembeni ya fremu ya dirisha. Ni tundu moja jipya tu, la ukubwa wa kidole kidogo. Wa ghorofa ya kwanza ulipita mle mle. Kazi yote ilikuwa asubuhi moja.

Mambo machache ya waya yanaweza kukuponza. Unaopita nje uwe wa nje, wenye ganda jeusi linalostahimili jua. Ule wa kijivu wa ndani hukakamaa na kupasuka. Usiupitishe bomba moja na nyaya za umeme. Na kagua ndani yake ni nini, maana sokoni umejaa waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu. Kwaruza uzi kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Waya huo hukatika kichwani, pale plagi inapofungwa, ukiuminya, na hupoteza umeme njiani, jambo litakalokuwa na maana baadaye. Ukifunga vichwa mwenyewe, mpangilio wa rangi za nyuzi unaotumika sana ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia, sawa pande zote mbili.

Kama waya unakwenda banda la uani, jengo la peke yake, na hasa kama unaishi Kanda ya Ziwa ambako radi ni jambo la kila msimu, usivute shaba kati ya majengo. Tumia faiba fupi yenye vigeuzi pande zote mbili. Kioo hakipitishi umeme, na radi ikipiga karibu haitapata njia ya kuingia kwenye televisheni yako kupitia mtandao.

Ruta kuukuu bado ina kazi

Si lazima ununue aksespointi. Wengi wana ruta ya zamani kabatini, iliyobaki walipohama kampuni, na inafaa. Kosa linalofanyika ni kuuchomeka waya kwenye lile tundu la rangi tofauti lililoandikwa WAN na kuwasha. Inafanya kazi, lakini sasa nyumba ina wagawaji wawili wa anwani, zile namba zinazotambulisha kila kifaa kwenye mtandao, kila mmoja na familia yake. Simu iliyo juu haioni printa iliyo chini, na televisheni haipokei video unayoituma kutoka kwenye simu.

Ruta ya pili inabidi ivuliwe uruta. Ingia kwenye mipangilio yake kwa kompyuta, zima huduma ya DHCP, ambayo ndiyo ugawaji wa anwani. Ibadilishie anwani yake isigongane na ya kwanza: kama ya chini ni 192.168.1.1, hii iwe 192.168.1.2. Halafu waya kutoka chini uingie kwenye mojawapo ya matundu ya LAN, lile la WAN libaki wazi. Jina la mtandao na nywila viwe vile vile vya chini, herufi kwa herufi.

Chaneli ndiyo iwe tofauti. Kwenye gigahezi 2.4 kuna chaneli tatu tu zisizokanyagana: 1, 6 na 11. Chini iweke 1, katikati 6, juu 11, na upana uwe megahezi 20. Ukiona mtu amechagua 3 au 4 akidhani amekwepa majirani, ujue amejiweka katikati ya kelele za pande mbili.

Baada ya hapo utakutana na tabia inayoudhi: unapanda kutoka sebuleni hadi chumbani, kifaa cha juu kiko juu ya kichwa chako, na simu bado imeng'ang'ania cha chini kwa -78. Anayeamua kuhama ni simu yenyewe, na simu nyingi hazihami mpaka zikaribie kukata roho. Dawa yake inashangaza watu: punguza nguvu ya kurusha. Kila ghorofa ikiwa na kifaa chake, hakuna haja ya kila kimoja kupiga kelele hadi kwa jirani. Weka nguvu ya kati, simu itapoteza cha chini mapema na kutafuta kilicho karibu. Vifaa vya meshi na aksespointi nzuri zina viwango vitatu, 802.11k, v na r, vinavyomnong'oneza mteja aende wapi. Ruta kuukuu haitakuwa navyo, na kwa nyumba ya kawaida hutavikosa sana.

Kuna wanaouliza kuhusu vile vifaa vinavyopitisha mtandao kwenye nyaya za umeme za nyumba, unachomeka kimoja chini na kingine juu. Wakati mwingine vinafanya kazi ya ajabu, wakati mwingine havionani kabisa. Nyumba kubwa zenye fezi tatu mara nyingi fundi umeme amegawa fezi kwa ghorofa, na vifaa vilivyo kwenye fezi tofauti huelewana kwa shida. Vikichomekwa kwenye kebo ya kuongezea yenye kinga ya umeme, kinga hiyo huyachuja mawimbi yao. Azima kwanza, ukifanikiwa ndipo ununue. Waya wa dishi nao kuna vifaa vyake, ila masafa yao hugongana na yale yanayotoka kwenye dishi, kwa hiyo ukiwa bado unatumia kisimbuzi achana navyo.

Kama bado hujamwaga zege

Nyumba nyingi zitakazosumbua watu miaka kumi ijayo ziko kwenye nguzo na nondo hivi sasa. Ukiwa hapo, una bahati ambayo baba mdogo hakuwa nayo. Siku fundi umeme anapolaza mabomba kwenye slabu kabla ya kumwaga, mwambie aongeze mabomba matupu ya milimita 25, mawili yatoke mahali utakapoweka ruta na kupanda kila ghorofa, yakomee darini kwenye korido, si chumbani. Kona zake ziwe za kupinda taratibu, na kila bomba liachiwe kamba ndani ya kuvutia. Gharama yake ukiilinganisha na nondo za slabu hiyo hiyo ni ndogo mno. Usivute waya sasa. Nyumba itachukua miaka, na panya wana subira kuliko wewe. Ukimaliza kujenga utavuta waya wa wakati huo.

Na siku mafundi wa faiba wakija, usiwaache wachague mahali. Wao wana nyumba nne za kufunga kabla ya jua kuzama, na dirisha la karibu na nguzo ya barabarani ndilo watakalolipenda. Waambie mapema kwamba kisanduku unakitaka ghorofa ya kati, karibu na ngazi. Kwenye nyumba ya sakafu tatu, ruta iliyo katikati haina sehemu ya kuvuka slabu mbili. Kila upande ni moja. Kwa namba zetu za mwanzo, chumba cha mtoto kingekuwa -64 badala ya -82, bila kununua chochote.

Kwa baba mdogo tuliishia na aksespointi mbili za darini, moja kila korido. Mtoto anapata megabiti 36 kitandani, na televisheni ya chini ilipona bila kuguswa. Tulizifunga kwa njia ya kupeleka umeme kupitia waya ule ule wa mtandao, kiwango cha 802.3af, kinachotoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu la swichi, kile kisanduku kinachogawa mtandao kwa nyaya kadhaa. Hapa ndipo waya wa aluminiamu unapowatoa watu jasho. Faida yake si unadhifu wa kutokuwa na adapta zinazoning'inia. Ni kwamba ruta, kisanduku cha faiba na swichi vyote viko chini, sehemu moja, na kila kitu cha juu kinakula kutoka hapo. Mfumo mzima hauzidi wati 30. Betri ndogo ya volti 12 yenye ampea-saa 18 na kainveta kake inausukuma kama saa tano. Juzi umeme ulikatika kuanzia magharibi. Nilipompigia simu, alipokea kwa video, uso ukimulikwa na tochi ya simu nyingine, akaniuliza kama najua lini utarudi.